Umeokoka, na Deni la Jirani Je?

  

Kuna swali ambalo katika nchi zetu unaweza kuulizwa mahali popote: ndani ya daladala, kwenye foleni ya zahanati, hata msibani watu wakisubiri jeneza. "Ndugu, umeokoka?" Wapo wanaojibu papo hapo kwa kutaja mwaka na uwanja wa mkutano. Wapo wanaokasirika, kwamba nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimefunga ndoa kanisani, sasa wewe ni nani wa kuniuliza? Mimi nalipenda swali hili. Ni swali la kweli, na mtu anaweza kufa bila kulijibu. Kinachonisumbua ni jinsi tulivyolirahisisha. Mtu ananyosha mkono, anafuatisha sala ya toba kwa dakika mbili, anashangiliwa, anaandikwa jina kwenye daftari, basi. Kesho yake anarudi dukani kwenye mizani ileile ya kupunja.

Nataka leo turudi nyuma kidogo, tuwaangalie wale walioufanya wokovu uwe neno la kila siku Afrika Mashariki. Naamini walijua jambo ambalo sisi tunalisahau.

Mwaka 1929 Rwanda ya mashariki ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika njaa kali ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura. Kwenye kilima cha Gahini, juu ya Ziwa Muhazi, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na daktari wake alikuwa kijana Mwingereza, Joe Church. Alikuwa amewazika watu wengi, amechoka mwili, na imani yake mwenyewe imekauka. Septemba mwaka huo akaenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe, palipo kanisa kuu, akakutana na Muganda mmoja amesimama kando ya pikipiki yake. Alikuwa Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya ya serikali. Wakazungumza, wakagundua kwamba wote wawili wanatafuta kitu kimoja. Wakafungua Maandiko wakasoma pamoja, wakapiga magoti pamoja.

Zingatia kwamba wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Church alikuwa mmisionari, ametoka kwao kuja kuhubiri. Nsibambi alikuwa mwana wa Kanisa lililokuwa limeadhimisha miaka 50 mwaka 1927, Kanisa lenye mashahidi wake, wale vijana wa ikulu ya Kabaka waliouawa kati ya 1885 na 1887. Hata hivyo wakakiri kwamba hawana kitu. Na katika siku zile za ukoloni, Mzungu na Mwafrika kupiga magoti bega kwa bega na kila mmoja kuungama umaskini wake mbele ya mwenzake lilikuwa jambo zito kuliko tunavyoweza kulifikiria leo. Nsibambi baadaye aliacha kazi ya serikali, akawa mhubiri wa mtu mmoja mmoja. Akikutana nawe njiani, swali lake lilikuwa hilihili tuliloanza nalo.

Huko Gahini hospitali ilikuwa na ugomvi. Wafanyakazi walinung'unika, wagonjwa hawatunzwi vizuri, daktari amekata tamaa na watu wake. Kiongozi wa wauguzi, Yosiya Kinuka, akasafiri mpaka Kampala, akaenda kwa Nsibambi, akamweleza matatizo yote ya hospitali. Nsibambi akamsikiliza, kisha akayaacha ya hospitali akamgeukia yeye: chanzo cha mambo kuharibika kule ni dhambi iliyo moyoni mwako. Kinuka hakulipenda neno hilo hata kidogo. Lakini katika safari ya kurudi lilimshika, na kabla ya kufika akawa amesalimu amri mbele za Mungu. Watu wa Gahini waliujua wokovu wake kwa namna alivyomshika mgonjwa. Hawakuhitaji kusubiri ushuhuda wake kanisani, waliuona wodini.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa akifundisha hapohapo Gahini. Huyu alikuwa moto. Alipoandaa hoja za kupeleka mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda, alitaka kuuliza kwa nini Kanisa limepoa namna hii, na kwa nini watu wanaoishi wazi katika dhambi wanaachwa wakishiriki Meza ya Bwana kana kwamba hakuna neno. Hakuifikia sinodi hiyo. Januari 1936 homa ilimwua, angali kijana. Lakini hoja zake zilisomwa, na wito wake wa "amka" ukabebwa na wengine. Kabla ya hapo, mwaka 1935, mkutano wa Kabale ulikuwa umeiwasha wilaya ya Kigezi, Uganda. Mwaka 1937 timu ya wahubiri wa mwamko huo ilifika Kabete, Kenya. Mwaka 1939 ikafika Katoke, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Kagera, na kutoka hapo mwamko huo, ulioitwa Uamsho, ukaingia kwa Waanglikana na Walutheri wa Tanganyika. Watu wakaanza kuwaita ndugu hao walokole, yaani waliookoka, mwanzoni kwa kuwacheka.

Sasa, nini kilitokea watu hawa walipookoka? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Walirudisha vitu.

Karani alikwenda kwa bwana mkubwa wake na fedha mkononi. Mfanyakazi wa hospitali alirudisha mali ya hospitali iliyokuwa nyumbani kwake. Aliyechukua ng'ombe wa mtu aliswaga ng'ombe mpaka kwa mwenyewe, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Aliyekwepa kodi alikwenda kuilipa, na wakuu wa serikali ya kikoloni hawakujua waandike nini kwenye vitabu vyao. Mume alikaa na mkewe akamweleza yale aliyokuwa akiyaficha miaka yote. Na wanawake, ambao kanisani walikuwa wa kusikiliza tu, katika ushirika wa ndugu walisimama wakasema, wakasikilizwa. Waliita jambo hilo kutembea nuruni, wakifuata waraka wa kwanza wa Yohana: anayetembea katika nuru ana ushirika na mwenzake, na damu ya Yesu humsafisha.

Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, aliokoka mwaka 1941. Kabla ya hapo alikuwa amemchukia Mzungu mmoja. Basi akapanda baiskeli, akaenda safari ndefu ya milima ya kwao mpaka nyumbani kwa Mzungu yule, akamwambia kwamba alimchukia na amekuja kuomba radhi. Hebu fikiri: Mwafrika chini ya utawala wa kikoloni, mwenye sababu zake za kuchukia, ndiye anayekwenda kuomba msamaha. Wengine wangesema amejidhalilisha. Mimi nasema alikuwa mtu huru kuliko wote katika wilaya ile. Kivengere huyo alikuja kufundisha Dodoma kwa miaka mingi. Rafiki yake Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948 kijijini kwao katika nchi ya Waacholi, alikuwa Askofu Mkuu na akauawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977. Siku zilezile Kivengere alilazimika kuikimbia Uganda usiku. Mwaka huohuo akaandika kijitabu cha kusema kwamba anampenda Idi Amin. Maovu ya Amin aliyataja, hakuyafunika. Ila chuki ile ya ujana wake alikuwa ameshaiacha, na hakutaka kuirudia.

Kuna msikilizaji ananiambia: mtangazaji, unatufundisha wokovu wa matendo. Wokovu ni kwa neema, haununuliwi. Kweli kabisa, na Mungu asinijalie niseme vingine. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na kwamba ni kipawa, mtu asije akajisifu. Mwizi msalabani hakupata nafasi ya kurudisha hata senti moja, na aliahidiwa peponi siku ileile. Nikodemo, mwalimu mwenye elimu yake, aliambiwa usiku ule kwamba lazima azaliwe mara ya pili, na hakuna mtu anayejizaa mwenyewe. Hapo sina mjadala na mtu.

Lakini msome Zakayo, Luka sura ya 19. Yesu ndiye aliyeanza. Alimwita kwa jina angali juu ya mkuyu, akasema leo nashinda kwako, kabla Zakayo hajaahidi lolote. Hiyo ndiyo neema, inatangulia. Sasa angalia kilichofuata. Zakayo anasimama mbele ya wageni: nusu ya mali kwa maskini, na yeyote niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba hiyo. Yesu hakumwomba hesabu zile. Zilitoka zenyewe, kwa sababu mtu aliyepewa kila kitu bure hawezi tena kukumbatia alichoiba. Na katika Matendo sura ya 16 kuna mlinzi wa gereza la Filipi, ambaye mara nyingi tunamnukuu kwa swali lake tu, afanye nini apate kuokoka. Tunasahau saa iliyofuata. Usiku uleule, kabla ya kubatizwa, aliwachukua Paulo na Sila akawaosha majeraha ya fimbo. Aliyeifunga miguu yao kwenye mkatale ndiye anayeshika maji na kuwasafisha damu. Bado anatetemeka, theolojia yake ni ya saa moja, lakini mikono imeshajua la kufanya.

Madhehebu yetu yanatofautiana hapa, najua. Mkatoliki atasema wokovu unaanza katika ubatizo na uongofu ni kazi ya maisha yote. Mlutheri atasema tunahesabiwa haki kwa imani peke yake. Mpentekoste atakuuliza siku na saa. Walutheri na Wakatoliki, waliopasuka kwa jambo hilihili katika karne ya 16, walitia saini tamko la pamoja huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, wakikubaliana kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, na kwamba matendo mema ni matunda yake. Paulo mwenyewe ana nafasi kwa wote: kuna mahali anasema tumeokolewa, mahali pengine tunaokolewa, na kwa Warumi anasema wokovu wetu sasa u karibu kuliko tulipoanza kuamini. Kwa hiyo asikuzomee mtu kwa kuwa huikumbuki tarehe yako. Watoto waliolelewa katika imani tangu titi la mama mara nyingi hawaikumbuki, na Mungu anawajua walio wake.

Narudi kwa walokole. Nisingekuwa mkweli kama ningewasifu tu. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, zaidi ya wanafunzi ishirini walifukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa ajili ya mikutano yao ya alfajiri ya maombi na mahubiri iliyokuwa imekatazwa. Chuo kilikosea, naona, lakini na wao walikuwa na ukali wa kuwahukumu wenzao. Miaka iliyofuata baadhi ya vikundi viliongeza sheria juu ya nguo, juu ya nywele, juu ya mikopo, na ushirika ukapasuka zaidi ya mara moja. Kuungama hadharani nako kulikuwa na hatari yake. Yapo mambo ya ndani ya nyumba yanayomhusu mtu mwingine, na ukiyamwaga mbele ya kundi unamjeruhi asiye na kosa.

Lakini swali zito kuliko hayo ni la damu.

Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, ndugu wa Uamsho Ukikuyuni walibanwa pande mbili. Walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Na serikali ilipowapa bunduki wajilinde, wengi walizikataa pia, kwa kuwa hawakutaka kumwua jirani. Wengi waliuawa. Unaweza kubishana na siasa yao, na mimi mwenyewe naamini madai ya ardhi ya Mau Mau yalikuwa ya haki. Lakini huwezi kusema wokovu wao ulikuwa wa mdomoni.

Rwanda, Januari 1964, yupo Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Kianglikana kule Nyamata, eneo la Bugesera, palipojaa Watutsi waliofukuzwa makwao. Alikuwa ndugu wa Uamsho. Alikataa kuwaacha wakimbizi wake wakati wa mauaji ya Watutsi ya msimu ule. Askari walimchukua usiku wakampeleka kwenye daraja la mto Nyabarongo. Alitembea akiimba, wakampiga risasi, wakamtupa mtoni. Tunajua habari hii kwa sababu rafiki yake waliyemchukua pamoja naye aliachiwa.

Sasa hesabu miaka 30 kutoka hapo. Nyamata ileile. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maelfu ya watu walikimbilia katika kanisa Katoliki la Nyamata na wakauawa humo humo ndani. Kwa sensa ya 1991, karibu Wanyarwanda tisa katika kila kumi walikuwa Wakristo. Nchi iliyoupa ulimwengu Uamsho wa Gahini. Wapo walokole waliokufa wakiwaficha majirani, na heshima yao haifutiki. Wapo pia viongozi wa makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, waliokaa kimya, na wapo walioshiriki. Mtu anayezungumza juu ya wokovu Afrika Mashariki na hataki kuitazama Nyamata, simwamini.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na hukumu yangu ni hii. Toba ya wengi ilifika kwenye pombe, kwenye uzinzi, kwenye wizi wa mashuka na ng'ombe. Haikufika kwenye kabila. Mtu aliungama kwamba aliiba shilingi, lakini hakuungama kwamba moyoni humhesabu jirani yake kuwa si mtu kamili. Kanisa halikumwuliza, kwa hiyo sehemu hiyo ya nafsi haikuingia nuruni. Kigozi aliwauliza wenzake juu ya Meza ya Bwana. Hapakuwa na wengi wa kuuliza juu ya kitambulisho kilichoandikwa Mhutu au Mtutsi, ambacho Wabelgiji walikianzisha katika miaka ya 1930, miaka ileile ya Uamsho. Sehemu isiyotubiwa hukaa kama jipu chini ya ngozi nzuri, na siku likipasuka huua.

Turudi kwetu, leo. Mikutano ya injili ni mingi, vipaza sauti ni vikubwa, na namshukuru Mungu kwa kila nafsi inayosikia jina la Yesu. Lakini sikiliza ahadi zinazotolewa. Okoka, utapata gari. Okoka, utapata mume, utapata visa, adui zako watapigwa. Zakayo alipookoka mali yake ilipungua, tena kwa zaidi ya nusu! Je, ni nani anahubiri hivyo siku hizi? Mtumishi wa umma aliyekula fedha za madawati anatoa ushuhuda madhabahuni, anatoa fungu la kumi la fedha zilezile, tunasimama tunapiga makofi. Mwenye nyumba aliyemdhulumu mjane kiwanja anaimba kwaya. Mfanyabiashara anawaita wafanyakazi wake sala ya asubuhi na miezi mitatu hajawalipa. Na sisi waumini wa kawaida, wakati wa uchaguzi, tunaanza kuulizana jina la ukoo.

Simtukani mtu. Nasema Mungu ametuahidi kitu kikubwa kuliko hicho. Uongofu wa kweli humpa mtu uwezo wa kumtazama usoni aliyemkosea. Hakuna usingizi mzuri kama wa mtu aliyekwisha rudisha.

Kwa hiyo nina ombi moja, na ninalielekeza kwenu wachungaji, mapadre, wainjilisti na wazee wa kanisa mnaonisikiliza jioni hii. Katika Agano Jipya kuna barua fupi kuliko zote za Paulo, ile aliyomwandikia Filemoni. Onesimo, mtumwa aliyetoroka, ameokoka mikononi mwa Paulo gerezani. Inaelekea aliondoka na deni. Paulo hakumwambia kwamba ya kale yamepita, endelea na maisha. Alimrudisha kwa yule aliyemkosea, na wala hakumrudisha mikono mitupu: alimpa barua, akamtaka Filemoni ampokee kama ndugu na si mtumwa tena, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama kuna deni, yeye Paulo atalilipa.

Fanyeni hivyo. Mtu akija mbele na machozi, msimwachie daftari na namba ya simu tu. Kaeni naye wiki ile. Mwulizeni kwa upole amemkosea nani, ana kitu cha nani, ni watu wa kabila gani au dini gani anaowachukia. Kisha msimwache aende peke yake, maana miguu itamwishia njiani. Nendeni naye mpaka mlangoni kwa mjane, mpaka ofisini, mpaka kwa ndugu yake wasiyesemezana. Na kama deni limemzidi, harambee mnazofanya kwa ajili ya vipaza sauti zifanyeni mara moja kwa ajili yake.